Ubao Mama, Muhuri na Nazi Iliyovunjwa



Juma hili naandika juu ya kitu ambacho sisi tuliosoma vyuoni miaka ya nyuma hatukukisikia hata jina, nacho ni ubao mama wa kompyuta. Vijana huuita madabodi. Ni bapa jembamba lenye ukubwa wa kitabu kilichofunuliwa, ambalo viungo vyote vya kompyuta hukutana juu yake: prosesa inayofanya hesabu, memori, diski, kadi ya picha na waya za umeme. Diski ikifa hununuliwa nyingine, na memori ikiharibika hubadilishwa kwa dakika moja. Ubao mama ukifa, vilivyobaki vyote ni vyuma vilivyolala sandukuni. Nimelazimika kuuandikia kwa sababu katika miezi michache nimeletewa masuala matatu yaliyotokana nao, na mawili kati ya hayo yalikuwa yameshafika mahali pa watu kutosalimiana.

Atakayeuliza kwa nini kijana asinunue kompyuta iliyokwisha kuundwa, jawabu ni pesa. Kompyuta ya kazi nzito, ile wanayoitumia wachoraji wa ramani za majengo na watengenezaji wa video, ikiwa mpya dukani haishikiki kwa mtoto wa mtu wa kawaida. Akijiundia mwenyewe huanza na kasha, mwezi wa pili akaongeza memori, wa tatu prosesa, kama tulivyozoea kujenga nyumba zetu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao. Tena makampuni makubwa ya ng'ambo yanapobadilisha seva zao, prosesa za Xeon zilizokuwa ghali mno zilipotoka, tuseme mwaka 2014 au 2016, humwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Prosesa ni nyingi na hazifi upesi. Kilicho adimu ni ubao mzima wa kuzipokea, na hapo ndipo msako huanza na hila hupata pa kujificha.

Mafaqihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wameshurutisha kuwa kiuzwacho kijulikane: dhati yake, kadiri yake na sifa yake. Katika ubao mama sharti hili si jepesi, kwani jina la soketi, yaani kikao cha prosesa, peke yake halitoshi kuwa ujuzi. Intel walitoa soketi ya LGA 1151 mwaka 2015. Mwaka 2017 wakatoa prosesa za kizazi cha nane zenye soketi ya jina lilo hilo na umbo lilo hilo, lakini hazifanyi kazi katika mbao za mwanzo. Prosesa huingia, hukaa vizuri, na mashine haiwaki. AMD wao waliishikilia soketi ya AM4 kwa prosesa za Ryzen za mwaka 2017 hadi za mwaka 2020 na baadaye, jambo la kushukuriwa. Ila ubao uliokaa ghalani tangu mwaka 2018 huenda usiitambue prosesa ya mwaka 2020 mpaka ihuishwe bayosi yake, nayo ni programu ndogo iliyomo ndani ya ubao wenyewe. Na kuihuisha mara nyingi kwahitaji prosesa ya zamani ambayo mnunuzi hanayo. Basi swali la toleo la bayosi liulizwe kabla ya swali la bei.

Wengine hununua ubao uliong'olewa katika kompyuta za HP Z440 au Dell Precision zilizoletwa mitumba. Ubao ni imara, lakini ulitengenezewa kasha lake: waya zake za umeme, na pengine hata matundu ya skrubu, hazifuati kipimo cha ATX ambacho mafundi wamekizoea tangu mwaka 1995. Anunuaye ubao huo bila kasha lake na kiumeme chake amenunua kiatu cha mguu mmoja. Memori za seva nazo ni rahisi, lakini ubao wa kawaida wa nyumbani hauzipokei.

Ziko pia mbao zinazotengenezwa China kwa ajili ya Xeon hizo kuukuu, na huuzwa kwa jina la X99. Ubao ni mpya, lakini chipseti yake, ile chipu inayosimamia mawasiliano ya viungo, mara nyingi imeng'olewa katika ubao wa zamani, na pengine si X99 kabisa. Kuuza kitu kama hicho si haramu. Wapo vijana wanaofanyia kazi mbao hizo na wakaridhika. Kilicho haramu ni kukiita kipya chote huku muuzaji akijua. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikapata umajimaji, mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua iliyoipata. Hakukaripiwa kwa sababu ya mvua. Alikaripiwa kwa kuweka kavu juu na mbichi chini, watu wasione. Chipseti kuukuu chini ya bapa la chuma linalong'aa ni lundo lilo hilo.

Sasa suala la kwanza. Muuzaji mmoja huweka picha za mbao mama katika simu, na mteja akichagua hulipa nusu. Ubao wenyewe uko Shenzhen, katika soko la Huaqiangbei, au uko Dubai, katika maduka ya kompyuta ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, wala muuzaji hajaumiliki. Swahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali linalofanana na hili: mtu humjia akitaka kitu ambacho hana, naye akaenda kumnunulia sokoni. Alikatazwa kuuza asicho nacho. Sababu yake tunaiona kwa macho yetu. Bei ya Dubai ikipanda, au ubao ukiwa umekwisha, muuzaji huleta mwingine unaofanana nao, au hukaa na nusu ya pesa na kusema subiri, na mteja hana kitu cha kudai isipokuwa picha.

Njia za halali zipo, na si ngumu. Ya kwanza ni ahadi tu: muuzaji aseme ataagiza, mteja aseme atanunua, na bei ifungwe siku ubao utakapofika na kuonekana. Ya pili ni bei ya salamu, yaani kununua kitu cha kusifiwa kilicho katika dhima ya muuzaji mpaka muda maalumu. Hapa jina la kiwandani na namba ya toleo hufanya kazi ya sifa, na kwa maoni yangu hutosheleza pale ambapo mbao za toleo moja hazitofautiani. Lakini salamu katika madhehebu yetu hutaka thamani yote ilipwe palepale katika kikao. Hiyo nusu na nusu waliyoizoea vijana haiingii humo. Ya tatu ni uwakala, nao nitaurudia mwishoni kwa kuwa una majeraha yake.

Suala la pili ndilo lililonishughulisha zaidi. Kijana anayechora ramani za majengo alinunua ubao wa Intel katika duka moja la mjini. Pesa zilikuwa za mama yake, aliyeuza bangili mbili za dhahabu alizopewa siku ya harusi yake, kwa tamaa kuwa kazi ya mwanawe itaisitiri nyumba. Ubao ulikuwa ndani ya mfuko uliobandikwa muhuri wa karatasi, na risitini pamepigwa chapa kuwa mali ikiuzwa hairudishwi. Usiku ule kijana akafungua, akapachika prosesa, mashine haikuwaka. Akaitoa, akamulika kwa tochi ya simu, akaona pini tatu za soketi zimelala. Asubuhi akarejea dukani. Muuzaji akamjibu kwa hoja tatu: risiti imesema, muhuri umevunjwa, na pini umezilaza wewe mwenyewe. Baada ya swala ya isha walikuja kwangu wote wawili, na mama yule akakaa pembeni kimya na buibui lake, nami nilimwonea uchungu kuliko wote.

Tuanze na risiti. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu, anaeleza kuwa muuzaji akishurutisha kujivua na aibu zote, sharti hilo humfaa katika mnyama peke yake, na kwa aibu ya ndani ambayo mwenyewe hakuijua. Wakatoa illa yake: mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na hali yake hubadilika, basi ni vigumu kwa mwenyewe kuijua. Ubao mama si mbuzi. Haukonde wala hauli majani. Kwa hiyo chapa ile ya risiti, kwetu sisi, haimvui muuzaji dhamana ya aibu iliyokuwepo kabla ya mnunuzi kuupokea. Hanafi wana kauli pana zaidi katika jambo hili, na haifai kumtukana muuzaji aliyeifuata. Ila duka hili na mteja huyu wote ni Mashafii, na wenye duka wengi hupiga chapa ile kwa kuiga jirani tu. Sheria ya nchi ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 nayo humhesabu muuzaji kuwa ameidhamini mali yake kuwa na ubora unaokubalika.

Ama muhuri, hapa mafaqihi wetu wametuachia mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa. Kanuni ni kuwa mnunuzi akiona aibu ya zamani, lakini kitu kimeshapata aibu mpya mkononi mwake, hana tena haki ya kumlazimisha muuzaji akipokee. Watasikilizana: ama muuzaji akipokee na kulipwa kilichopungua, ama mnunuzi abaki nacho na arudishiwe fidia ya aibu ya zamani. Kisha wakatoa jambo moja katika kanuni hiyo, nalo ni aibu mpya ambayo bila yake aibu ya zamani haijulikani. Wakataja yai likivunjwa, tikiti linaloliwa na wadudu likikatwa, na nazi ikipasuliwa. Naam, nazi hasa wameitaja, ile waliyokuwa wakiijua kama tunda la Bara Hindi. Mwenye kununua nazi akaivunja akaikuta imeoza hurudisha vifuu vyake, wala hatozwi kwa kuivunja, kwa sababu hakuna mlango mwingine wa kuijua nazi.

Muhuri wa karatasi juu ya mfuko wa ubao mama ni kifuu. Pini za soketi hazionekani mpaka mfuko ufunguliwe na kile kifuniko cha plastiki kiinuliwe. Muuzaji hawezi kuuza kilichofunikwa kisha akafanya kufunua kuwa kosa. Lakini wamesema pia kuwa aliyepita kiasi cha haja, kwa kufanya uharibifu mkubwa kuliko unaohitajika kuijua aibu, hukumu yake hurudi katika kanuni ya kwanza. Kijana anayefungua muhuri amevunja nazi. Kijana anayeng'oa bapa la kupozea kwa bisibisi na kukwaruza njia za shaba ameisaga.

Ilibaki hoja ya tatu, nayo ni nzito. Pini tatu zimelala: zililala dukani au zililala usiku ule mkononi mwa kijana? Yote mawili yawezekana, kwani prosesa ikiponyoka vidoleni kidogo tu hutosha kuzilaza. Wakihitalifiana muuzaji na mnunuzi juu ya aibu ambayo huenda ni ya zamani na huenda ni mpya, madhehebu yetu humsadiki muuzaji kwa kiapo chake, kwa sababu asili ni uzima wa mali. Nilimweleza kijana hivyo mbele ya mama yake, na nyuso zao zikaanguka. Kisha nikamgeukia muuzaji, nikamuuliza: je, waweza kuapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa ubao huu ulitoka kwako pini zake zimesimama? Akanyamaza kitambo. Akasema hakuufungua ubao ule tangu ulipomfikia kutoka Nairobi, naye hawezi kuapia asichokiona. Namshukuru kwa kauli hiyo hadi leo, wengi wangeapa.

Sikuwaapisha. Walisuluhishana kuwa ubao ubaki kwa kijana, muuzaji apunguze bei kwa kiasi walichopatana, na juu yake amlipe fundi wa kunyoosha pini. Fundi waliyempata alikuwa fundi wa saa, mzee mwenye kioo cha jicho na koleo nyembamba kama unywele, ambaye hakuwahi kuuona ubao mama maishani mwake. Alizisimamisha pini zile tatu kwa muda mfupi kuliko tulivyochukua sisi kuzigombania.

Kwa hiyo nawausia wanunuzi watumie haki ambazo sheria imekwisha kuwapa. Madamu hamjaachana na muuzaji kwa miili, mna hiari ya kikao: kila mmoja aweza kuivunja bei bila kutoa sababu. Basi kifunuliwe kifuniko cha soketi palepale dukani, pamulikwe kwa tochi, na pigwe picha mbele ya muuzaji. Hiyo picha ndiyo itakayozuia ugomvi wa kiapo. Vitazamwe pia vile vijipipa vidogo vinavyoitwa kapasita, kama juu yake pametuna au pamevuja. Harufu nayo husema; ubao uliopata kuungua haufichiki puani. Na hapa pwani tazameni kutu ya kijani pembezoni mwa shaba, kwani chumvi ya bahari haina huruma na mali iliyowekwa dirishani.

Kisha kuna hiari ya sharti, ambayo mwisho wake kwetu ni siku tatu. Iandikwe juu ya risiti kwa kalamu: nimenunua kwa sharti la hiari ya siku tatu. Muuzaji mkweli hatakataa, na anayekataa amekwisha kukujulisha jambo. Siku tatu zinatosha sana. Mashine iwashwe usiku kucha ikiendesha programu ya kupima memori, kama vile Memtest86, kisha ipewe kazi nzito mchana. Nafasi za memori zijaribiwe zote, si moja tu, kwa maana ubao wenye nafasi nane huweza kuwa na moja iliyokufa na mtu asiijue mpaka mwaka upite.

Na aibu ikionekana, usikae. Haki ya kurudisha ni ya papo hapo kwa kadiri ya ada. Aliyeijua yumo ndani ya swala au chakula atamaliza. Aliyeijua usiku atangoja kukuche. Lakini aliyeijua Ijumaa, akaendelea kuutumia ubao kumalizia kazi ya mteja, kisha akaenda Jumatano kudai pesa zake, amejipotezea haki kwa mkono wake. Kijana yule wa pini alisalimika kwa hilo: alikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa.

Suala la tatu ni la jamaa. Mtoto wa dada alimtumia mjomba wake aliyeko Dubai pesa za ubao mama. Mjomba akaununua, akamkabidhi msafiri, na bei akaitaja ile iliyobandikwa dukani. Baadaye kijana akaona risiti halisi, akakuta muuzaji alipunguza, na tofauti ilibaki mfukoni mwa mjomba. Mjomba alisema ni haki ya jasho lake na nauli yake ya teksi. Dada na kaka wakaacha kupigiana simu, hata katika sikukuu.

Aliyepewa pesa akanunue kwa niaba ya mwingine ni wakili, na punguzo analolipata ni la mwenye pesa. Swahaba Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili kwa dinari ile, mmoja akamuuza kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari yake. Hakuificha ile dinari, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Mjomba anaweza kabisa kutaka ujira, na ni halali yake, madamu ameutaja kabla na mpwawe ameridhia. Aibu ya kudai ujira kwa ndugu ndiyo inayowaingiza watu katika kuuchukua kwa siri. Nilimpigia mjomba simu mwenyewe. Alirudisha tofauti ile, na kijana, kwa hiari yake, akamtumia nauli ya teksi.

Waliobaki na safari kama hiyo mbele yao wakubaliane kwa maandishi pia juu ya forodha, kwani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na ada nyinginezo hazina mjomba. Naye msafiri aliyeubeba ubao ni mwenye amana: ukivunjika bila ya uzembe wake halipi. Ila aliyeupakia begani mwa mabati ya tende, bila ya boksi wala kitambaa, huyo amezembea, na atalipa. Wallahu aalam.